Kumnyamazia Kijana Si Kumlinda

Miongoni mwa wazazi, walimu na wachapishaji wa Tanzania imeenea rai kwamba riwaya inayomweka mbele ya msomaji kijana wa miaka 15 aliyebakwa, aliyefiwa, aliyetelekezwa na wazazi au aliyekata tamaa ya kuishi, ni kitabu kisichofaa kupewa kijana wa umri huohuo. Katika mwambao wa kaskazini, kuanzia Pangani hadi Moa, rai hiyo husemwa kwa uzito wa pekee, kwa kuwa huko heshima ya mtu hupimwa kwa kiasi cha anachokistiri, na mzazi wa Makorora, jijini Tanga, akisikia kwamba bintiye anasoma kitabu cha namna hiyo, huuliza kwanza nani aliyempa kabla ya kuuliza kinasema nini. Wanaoishikilia rai hii hawana nia mbaya. Wanawapenda watoto wao, wanaogopa kwamba jambo likishatajwa litakaribishwa nyumbani, na wanaamini kwa dhati kwamba ujana ni umri wa kukingwa. Hata hivyo ni rai potofu, na gharama ya upotofu wake inalipwa na watoto walewale inaodai kuwalinda.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuendelea. Fasihi ya vijana, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni maandishi ya kubuni ambayo mhusika wake mkuu ana umri wa kati ya miaka 12 na 18 hivi, na ambayo yanautazama ulimwengu kwa macho ya umri huo, si kwa macho ya mtu mzima anayeonya. Kiwewe ni hali ya nafsi kubaki imejeruhiwa baada ya tukio la kutisha, kiasi kwamba jambo lililokwisha kupita linaendelea kumtawala mtu katika usingizi wake, masomo yake, hamu yake ya chakula na uwezo wake wa kuwaamini wengine. Upweke nao haumaanishi kukaa bila watu, bali kukosa hata mtu mmoja wa kumweleza kinachokusibu, na kwa hiyo unaweza kumpata mtu aliyezungukwa na ndugu kumi. Wahenga walipoonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, walikuwa wameshalijua jambo ambalo wanasaikolojia walikuja kulieleza kwa vitabu vizito.

Hoja inayotangulizwa mara nyingi na watetezi wa ukimya ni ya ugeni. Inadaiwa kwamba hadithi za vijana wenye huzuni ni zao la Ulaya na Marekani, zimeletwa na filamu na simu, na kwamba fasihi ya Waswahili kwa vijana wao ilikuwa siku zote ni ya wasia na adabu. Hutajwa Mwanakupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, na hutajwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ambaye aliwatungia watoto wake Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Mifano hii ni ya kweli, lakini wanaoitaja wameisoma nusu. Mwanakupona alitunga akiwa mgonjwa, na utenzi wake ni sauti ya mama anayejua kwamba huenda asimwone binti yake akikomaa. Msingi wa utenzi wote ni kutengana kunakokaribia, na mama huyo hakumficha mtoto ugonjwa wake ili kumlinda na huzuni. Shaaban Robert naye, katika Maisha Yangu, aliandika waziwazi juu ya kifo cha mkewe Amina, bila kuona kwamba machozi ya mtu mzima yatawaharibu wasomaji. Wasia wa pwani, kwa hiyo, ulizaliwa ndani ya jeraha lililotajwa kwa jina lake.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi upo katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952 ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma kama hadithi ya wema na uovu. Ndani yake Adili, liwali anayesifiwa kwa haki na ustawi wa nchi yake, kila usiku huwachapa viboko manyani wawili, kisha huwalisha na kuwalilia, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Mchana mtu huyu ni kiongozi anayeheshimika. Usiku ni mtu aliyefungwa na amri ya kurudia maumivu yaleyale asiyoweza kumweleza yeyote. Ni vigumu kupata katika nathari ya Kiswahili picha kamili zaidi ya kiwewe kuliko hii, na jambo la kuzingatiwa ni namna fundo linavyofunguka: si kwa Adili kuvumilia kimya zaidi, wala kwa mtu kumpa nasaha, bali kwa mfalme wake, aitwaye Rai, kutaka kuelezwa, na Adili kusimulia kisa chote tangu mwanzo. Mwandishi anayetajwa kuwa ngome ya ukimya aliijenga hadithi yake juu ya ulazima wa kusema.

Tena, kabla ya kitabu chochote kuchapishwa, ngano za ukumbini zilikuwa zimejaa yatima. Mtoto aliyefiwa na mama, akanyimwa chakula na mama wa kambo, akaenda kulilia kaburini, ni mhusika ambaye hakuna bibi wa pwani asiyemjua, na watoto walisimuliwa kisa chake wakiwa wadogo kuliko wanafunzi wa sekondari wanaodaiwa leo kuwa hawajakomaa. Bibi hakuogopa kwamba wajukuu watajitakia uyatima. Alijua kwamba miongoni mwa waliolala mkekani palikuwa na mmoja ambaye kisa kile kilikuwa chake.

Hoja inayofuata ina mvuto zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya jambo jema. Inasemwa kwamba mtoto wa pwani hakui peke yake: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ua wa pamoja, baraza ya mbele, madrasa, shangazi wa mtaa wa pili na jirani mwenye ruhusa ya kukemea, vyote humzunguka, na kwa hiyo riwaya za upweke hazimhusu. Ni kweli kwamba Makorora, kama ilivyo Mabawa au Ngamiani, mtoto hupita mbele ya macho mengi kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini macho mengi si masikio mengi. Mahali ambapo kila neno linavuja hadi barazani, mtoto mwenye siri nzito hujifunza mapema kufunga mdomo, kwa kuwa kumwambia mmoja ni kuwaambia wote; na ikiwa aliyemdhuru ni mtu wa humohumo ndani, mpangaji, mjomba au mwalimu anayeheshimiwa, wingi wa watu wanaomzunguka huwa ndio ukuta wa gereza lake.

Jambo hili halibaki kuwa dhana. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ukiwahusisha Serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamepatwa na angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini. Waliotajwa kuwa watendaji hawakuwa wageni watupu wa gizani. Wengi walikuwa watu waliofahamika kwa mtoto. Lililo zito kuliko yote ni kwamba karibu nusu ya wasichana waliodhulumiwa, na wavulana wengi kuliko hao, hawakumwambia mtu yeyote. Katika darasa la wanafunzi 50 hesabu hiyo ina maana kwamba mwalimu anayekataa kitabu cha kubakwa kwa hofu ya kuwashtua wanafunzi anawakingia habari ambayo baadhi yao wanaijua kwa miili yao. Kitabu hakiwezi kuwaletea jeraha ambalo tayari wanalo. Kinachoweza kuwaletea ni habari nyingine kabisa, nayo ni kwamba hawakuwa wa kwanza, hawakuwa na kosa, na kuna maneno ya kulisema jambo hilo.

Hapo ndipo hutolewa hoja ya uigaji, na hii ndiyo inayostahili kujibiwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Inasemwa kwamba kijana akisoma kuhusu mtu aliyejitoa uhai atafuata. Wasiwasi huu una historia. Mwaka 1774 Goethe wa Ujerumani alichapisha riwaya ya Werther, kijana anayejiua kwa mapenzi yaliyokataliwa, na hofu ya kwamba vijana wanamwiga ilikuwa kubwa kiasi kwamba mji wa Leipzig uliipiga marufuku. Kutokana na hapo watafiti wa baadaye wakaliita ongezeko la vifo vya aina hiyo baada ya habari au hadithi yenye kuvitukuza kuwa athari ya Werther. Katika zama hizi, tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya ya Jay Asher, Thirteen Reasons Why, ilipotolewa mwaka 2017, watafiti wa Marekani walibainisha ongezeko la kujiua kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 katika mwezi uliofuata, ingawa mjadala kuhusu chanzo chake ungaliko. Mtu anayeandika kwa ajili ya vijana hana haki ya kulipuuza jambo hili. Kuonyesha njia ya kifo hatua kwa hatua, kukipamba kifo kama kisasi kitamu au kama mlango pekee uliobaki, ni hatari, na mhariri mwenye busara atakikata kifungu hicho bila kusita.

Lakini utafiti haukuishia hapo, na wanaoutaja nusu yake wanafanya dhuluma. Mwaka 2010 watafiti wa Austria, wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, walichunguza habari za magazeti na kuona kwamba zile zilizoeleza jinsi mtu alivyofikia ukingo wa kukata tamaa kisha akaupita, ziliendana na kupungua kwa vifo vya kujiua. Wakaliita jambo hilo athari ya Papageno, kwa jina la mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791, Filimbi ya Kichawi, ambaye anakaribia kujitoa uhai hadi watoto watatu wanapomkumbusha kwamba ipo njia nyingine. Linaloamua madhara au manufaa, basi, si kutajwa kwa maumivu, bali ni kile ambacho hadithi inamfanyia aliyeumia baada ya kumtaja. Ukimya hauna athari ya Papageno hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linaweka kujiua katika nafasi ya tatu miongoni mwa sababu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani, na vijana hao hawakusubiri riwaya ili kufika huko.

Kutokana na tofauti hiyo, kosa lililo kubwa katika fasihi inayowafikia vijana wa Tanzania linaonekana kuwa kinyume kabisa na lile linalolalamikiwa. Si kweli kwamba inaonyesha maumivu mno. Kwa sehemu kubwa inayaonyesha ili kuyaadhibu.

Orodha ya vitabu teule vya Kiswahili vilivyotahiniwa kidato cha tatu na cha nne kwa takriban miongo miwili inathibitisha. Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002, inawafuata Peter na Zita, watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, hadi kwenye jaa wanakookota makombo. Takadini ya Ben Hanson inaanza na mama anayekimbia na mtoto wake mchanga mwenye ualbino ili asiuawe, na inamfuata mtoto huyo akikua miongoni mwa watu wanaomkwepa. Katika tamthiliya ya Kilio Chetu wazazi wanabishana kama vijana waelezwe habari za jinsia au wanyamaziwe, na wakati wanapobishana watoto wao wameshaingia katika mimba na UKIMWI. Katika Orodha ya Steve Reynolds, msichana Furaha anakufa kwa ugonjwa huohuo na kuacha barua ambayo wakubwa wa kijiji wanaiogopa. Kwa hiyo anayedai kwamba vijana wa Tanzania hawajapewa hadithi za kuumia hajafungua mkoba wa mwanafunzi. Wamepewa, tena kwa amri ya mtaala. Ambacho hawajapewa ni nafasi ya kuzisoma kama hadithi zao, kwa maana darasani maumivu ya Furaha hugeuzwa haraka kuwa dhamira, dhamira kuwa ujumbe, na ujumbe kuwa alama, na mwanafunzi aliyemzika dada yake kwa ugonjwa uleule huulizwa aeleze mafunzo manne yanayopatikana katika kitabu.

Rosa Mistika inafaa kutazamwa kwa kituo, kwa kuwa ndiyo riwaya iliyofungua njia na ndiyo iliyoadhibiwa kwanza. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliichapisha mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni kabla ya kuruhusiwa na hatimaye kuwa kitabu cha kufundishia. Rosa ni msichana mwenye akili ambaye baba yake mlevi, Zakaria, anampiga kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo hicho kinamfuata hadi shuleni, kwanza kwa sura ya woga wa wanaume wote, kisha, akiwa chuoni mbali na nyumbani, kwa sura ya kujitupa kwa yeyote, hadi anapofikia kujiua. Waliokizuia kitabu waliona zinaa. Hawakuona kipigo, au walikiona na kukihesabu kuwa malezi. Kezilahabi alikuwa ameandika, miaka mingi kabla ya neno kiwewe kuingia katika mazungumzo ya walimu, maelezo sahihi ya jinsi ukatili wa nyumbani unavyohama kutoka mkono wa baba hadi ndani ya maamuzi ya binti, na wasomaji wake rasmi wakamjibu kwa kuuliza kama msichana huyo ni mfano mwema. Ni haki kumlaumu mwandishi kwamba alimfikisha Rosa kaburini na kumwachia msomaji wa miaka 16 mlango mmoja tu. Lawama hiyo inastahili. Lakini lawama ya kwamba alilitaja jeraha haistahili hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyotolewa.

Mazoea ya kukipima kitabu kwa kinachotaja, bila kutazama kinachomtendea msomaji, hayajaisha. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika shule, ukiwemo mfululizo wa Jeff Kinney unaojulikana kama Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Jamii ina haki ya kuchagua vitabu vya watoto wake, na makala haya hayatetei kila kitabu kilichokuwemo. Linalosikitisha ni kwamba mjadala wote wa kitaifa kuhusu usomaji wa vijana, ambao hutokea mara chache, uliishia kwenye swali la nini kiondolewe rafuni, na hakuna aliyeuliza kwa sauti hiyohiyo nini kiwekwe.

Tabia ya kuliadhibu jeraha haiko katika fasihi peke yake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo kijana aliyeokolewa usiku anaweza kuamka akiwa mtuhumiwa. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba shuleni, hata kama alibakwa, aliondolewa kwenye madaftari ya shule, na hadithi nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya rika lake ziliishia palepale alipoishia mwanafunzi huyo: lango la shule limefungwa, mama analia, msomaji ameonywa. Mnamo tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Tangu hapo sera imeitangulia fasihi. Yuko wapi katika riwaya ya Kiswahili msichana wa miaka 17 anayerudi kidato cha pili, akamwacha mtoto kwa bibi yake Makorora, akakaa katikati ya wanafunzi wadogo wanaojua habari zake, akashindwa kuinua mkono kujibu swali kwa sababu kila akisimama anahisi darasa zima linatazama tumbo lake? Maisha yake yana kila kitu ambacho mwandishi anahitaji: siri, aibu, ushindani, mapenzi ya mama mdogo kwa mwanawe, wema wa ghafla wa mwalimu mmoja na ukatili wa maneno wa mwingine. Hata hivyo hadithi ya onyo haimhitaji, kwa kuwa kazi yake kwa hadithi ya onyo ilikwisha siku alipofukuzwa.

Kwamba riwaya ya namna nyingine inawezekana kwa Kiswahili si jambo la kubashiri. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa Kenya mwaka 1996, inaanzia Tanga kwenyewe. Kongowea Mswahili ni mvulana anayekua bila baba, anafiwa na mama yake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anateswa katika nyumba anayolelewa, na hatimaye anashika njia kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha hadi upande wa Kitale. Uchaguzi wa mama kuwa mwimbaji wa taarabu katika mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star si pambo. Mtoto huyo ameachiwa urithi wa sauti, na kisa chote anakisimulia yeye mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Hapa ndipo penye tofauti. Hakuna mkubwa anayesimama nyuma ya bega lake kueleza funzo. Mateso yake hayapunguzwi, lakini anayeyasimulia ni mtu aliyeyapita, na msomaji mpweke anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mtoto huyu alifika umri wa kusimulia. Kitabu hicho kiliteuliwa kutahiniwa katika shule za Kenya na kikapendwa mno. Katika orodha ya riwaya zilizozoeleka Tanzania hakimo, na kwa hiyo utoto mpweke wa Tanga ulio mashuhuri kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili umesomwa zaidi Bungoma na Nakuru kuliko Usagara na Makorora.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2014, iliyotahiniwa Kenya kuanzia 2018, imekwenda mbali zaidi. Umulkheri, msichana ambaye wadogo zake wawili waliibwa na mtumishi wa nyumbani, anakaa darasani katika Shule ya Tangamano mawazo yake yakiwa kwingine. Kinachomsaidia ni wenzake Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, ambao mmoja baada ya mwingine wanasimulia walivyopoteza nyumba, wazazi au heshima. Mwandishi hakuwapa vijana hawa mhubiri. Aliwapa wao kwa wao, akaonyesha kwamba mtu anayesikia kisa cha mwenzake hupata ruhusa ya kutoa chake. Maelfu ya wanafunzi wa umri uleule walikisoma kitabu hicho katika mabweni ya kweli, na hakuna lililoharibika ambalo lilikuwa zima. Nchini Marekani, Laurie Halse Anderson alifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1999 katika Speak, riwaya ya msichana ambaye baada ya kubakwa anatengwa na wenzake na karibu kupoteza usemi, hadi anapopata sauti yake. Nako pia walijitokeza watu wazima kutaka iondolewe shuleni. Woga huu, basi, si wa Waswahili peke yao, na hauwezi kutetewa kwa jina la mila.

Huenda ikajibiwa kwamba waandishi wa Tanzania hawana nafasi ya kuandika vitabu vya namna hii. Ni kweli kwamba nafasi ni finyu, na kuna historia ya kuieleza. Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2008 na shirika la CODE la Kanada kwa kushirikiana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, iliwatuza waandishi wa hadithi za vijana na kununua nakala kwa ajili ya shule, nayo ilikuwa neema. Ila ilidai hadithi hizo ziandikwe kwa Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili huisoma akiwa na kamusi pembeni, wakati maumivu yake huyawaza kwa Kiswahili au Kidigo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa tangu 2023, imerudisha heshima ya Kiswahili katika riwaya, ushairi na hadithi za watoto. Katikati ya mtoto na mtu mzima, hata hivyo, pamebaki pengo, na katika pengo hilo ndimo anamoishi kijana anayezungumziwa hapa. Kwa sasa linajazwa na vibanda umiza, ambamo filamu za mauaji huonyeshwa kwa bei nafuu bila mzazi yeyote kuuliza maadili yake, na hadithi za kukatizwa katikati zinazouzwa kwa simu. Jamii inayokichunguza kitabu kwa darubini na kuyaachia hayo yote yapite haiwezi kudai kwamba inamkinga kijana na habari za maumivu. Inamkinga na namna pekee ya habari hizo iliyoandikwa kwa subira.

Mficha uchi hazai, walisema watu haohao wa pwani ambao leo wanatajwa kuwa walinzi wa ukimya. Taasisi ya Elimu Tanzania na iongeze katika tuzo yake fungu la riwaya ya vijana kwa Kiswahili, na iwaombe waandishi wa Tanga na mwambao wote wamwandike msichana aliyerudi shule na mvulana aliyenyamaza, wakiwa hai hadi ukurasa wa mwisho. Wachapishaji na waziombe hadithi hizo bila kudai sura ya mawaidha mwishoni. Walimu wa Makorora nao wawape wanafunzi vitabu hivyo mikononi, wawaache wavisome nyumbani na bwenini kwa wiki kadhaa, na mwanafunzi atakayerudi akitaka kuzungumza, asikilizwe kabla ya kuulizwa dhamira.